Mke wa Ambakisye Hakuchanjwa

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nimechimba viazi tangu asubuhi. Baridi inakata masikio. Ambakisye, mwanangu, taniboi wa lori, karudi kutoka Iringa. Anasema ndui imefika Mlandege, nyumba zimefungwa. Yeye kachanjwa hukohuko. Hapa Iyunga watu wanatetemeka. Mimi hapana. Ndui nilipigana nayo ujanani, ikaniachia mashimo usoni ikatoka mbio. Nimewaambia ilikimbia mpaka Ruaha Mbuyuni bila kunywa maji. Wamecheka mpaka wamekaa chini. Keshokutwa dresa wa hospitali anakuja kuchanja.

Jumatano, 6 Juni
Siku yangu leo! Foleni mbele ya kanisa. Dresa kijana mdogo, ana miwani. Kaniangalia uso.
"Mzee, wewe ndui yenyewe ilishakuchanja. Nenda kapumzike."
"Chanja tu, mjukuu wangu. Ikirudi inikute na silaha mbili."
Kanichanja, kwa kuchoka na mimi. Halafu nimekaa palepale mlangoni kutwa nzima, nasimulia. Waoga nimewashika mkono mwenyewe. Dresa anasema dunia nzima ikichanjwa, ndui itakwisha kabisa. Nikamwambia basi mnitunze mimi, watoto waje kuangalia mashimo. Dawa imeisha jua likizama. Kapanda baiskeli yake, kaenda.

Alhamisi, 7 Juni
Mke wangu kaninunia tangu jana. Jioni ndiyo kafungua mdomo. Mkamwana wetu, mke wa Ambakisye, hakuchanjwa. Mtoto wake alimpa mke wangu ampeleke, akachanjwa. Yeye alikaa nyuma ya ukuta wa kanisa kutwa nzima, kajifunika kanga, anangoja mimi niondoke. Kwetu Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe. Sauti yangu tu akiisikia anakimbia. Na jana sauti yangu ilifika Mbeya mjini.
"Baba Ambakisye, ulikuwa unangoja nini pale? Uso wako una nafasi ya ndui nyingine?"
Nimekwenda kulala kabla ya kuku. Mimi!

Jumatatu, 11 Juni
Nimetembea mpaka mjini kumtafuta dresa. Dawa hakuna, inangojwa. Nimemtukana. Kaniwekea kiti nikae. Bora angenitukana na yeye.

Jumanne, 12 Juni
Abiria wa lori la Iringa kalala kwa jirani. Asubuhi kaamka na vipele. Mkamwana ndiye alimpelekea uji jana, hakujua.

Jumanne, 26 Juni
Homa ya mkamwana ilianza Jumamosi. Leo vipele. Wamemhamishia kibanda cha shambani. Waliochanjwa wote wazima, hata walevi, hata yule mchawi wa bondeni. Dawa inafanya kazi. Naichukia inavyofanya kazi.
Zamani mwenye mashimo ndiye aliuguza, maana haimrudii. Hapa mwenye mashimo ni mimi. Nikisogea, atajikokota kukimbia na homa yake hiyo. Anaenda mke wangu. Mimi nabeba maji mpaka nusu ya njia, naweka chini, narudi.
Mila gani hii. Lakini ningekuwa nyumbani na viazi vyangu siku ile, mila isingemdhuru mtu.

Jumapili, 8 Julai
Hatakufa. Macho yamekwenda, yote mawili. Ambakisye kaniamkia kwa heshima zote, "Ugonile, tata," kapita. Afadhali angenipiga. Baada ya ibada mzee mwenzangu kaniomba ile hadithi ya ndui kukimbia. Nimemfukuza kama mbwa.

Alhamisi, 16 Agosti
Dawa imefika juzi. Safari hii dresa kapita nyumba kwa nyumba. Sikutoka ndani.
Leo nilikuwa natoka mtoni. Mkamwana anakuja, mtoto mgongoni, mke wangu anamwongoza kwa fimbo. Zamani angeshaacha njia. Leo haoni, hajui kama nipo. Mke wangu kaniangalia. Nimeshuka mtaroni mwenyewe, nimeziba mdomo nisikohoe. Mtoto kaniona. Kanichekea. Mama yake kauliza anacheka nini, bibi akasema kaona ndege.
Wamepita. Nimepanda njiani.