Nguru wa Siku Yangu ya Kwanza Jikoni

Mjukuu wangu Rukia,

Salamu zako zimefika na nimezipokea kwa mikono miwili. Huku Langoni tu wazima, alhamdulillahi. Shangazi yako kajifungua mtoto wa kiume, kapewa jina la marehemu babu yako.

Unauliza ufanye nini, maana mkuu wa jikoni hapo hotelini anakwambia utoe minyoo kwenye samaki, umpeleke mezani nusu mbichi, unyamaze.

Siku ya kwanza kuingia jikoni kwa mama mkwe, nilimpasua nguru wa sokoni nikaona minyoo myeupe imejikunja nyamani kama uzi. Wageni walikuwa wameshanawa mikono.

"Itoe, mchome upesi, na nyamaa," mama mkwe akaninong'oneza. "Wageni wasiyue."

Nikapaza sauti hadi ukumbini: "Samaki ana minyoo! Ngojeni aive mpaka mfupani!"

"Bi harusi gani huyu? Mdomo kama tarumbeta!" mama mkwe akafoka.

Babu yako akaingia na kanzu yake mpya, akachukua kipepeo, akachutama kupepea makaa. "Mwache, mama. Hawa hawafi kwa njaa ya saa moja."

Walingoja, wakala, na hakuna aliyeumwa tumbo. Mama mkwe alininunia mwezi mzima. Sikuomba radhi, na sitaiomba leo.

Basi sema, Rukia, sauti ifike mezani. Wakikufukuza, rudi nyumbani. Makaa yapo, na kipepeo cha babu yako sijakitupa.

Bibi yako