Gauni la Kuazima

Mjukuu wangu Atupele,

Ndaga, asante kwa kunikumbuka. Huku Ipyana tu wazima. Mjomba wako anaanika kokoa.

Unauliza kama ukope pesa ununue nguo ya usaili wa filamu. Usichanani mwangu niliazima gauni la hariri kwa mke wa mwenye duka pale Mbugani, nikaenda kujaribiwa na kikundi cha maigizo. "Likichafuka, utalilipa," alinionya.

Nikapewa kuigiza mama aliyefiwa. "Jitupe chini ulie!" akaamuru kiongozi. Sakafu ilikuwa vumbi tupu. Nikapiga magoti polepole, nimeshika pindo.

"Unalia au unalinda gauni?" akafoka. "Aje mwingine!"

Nikamsihi, "Baba, nisubiri kidogo, nakuomba." Nikakimbia nyuma ya ukumbi, nikavaa kitenge changu kilichopauka nilichokuja nacho, nikarudi nikihema. Msichana mwingine alikuwa ameshasimama kuanza. Kiongozi akanitazama, kisha akamwashiria akae.

Nilijitupa mpaka kiwiko kikachubuka. Nilipoinuka, yule msichana alikuwa anafuta machozi.

Nafasi niliipata. Wewe lipige pasi lile gauni lako la pamba, mama, uende nalo.

Bibi yako anayekuombea