Kibati Ulichokificha

Elibariki,

Sikuandikii kukusalimu. Salamu za mwisho nilikupa siku tuliyokuzika, na zilitosha. Leo nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja gerejini sijawahi kukukasirikia nikanyamaza.

Nimefungua gari lako. Unajua nilichokuta.

Nitaanza mwanzoni. Ulizoea kunikatiza, "Mwalimu, fupisha," lakini sasa huwezi.

Ulipoondoka, gari lilibaki kwa Upendo, mwanao. Amelitumia kama ulivyolitumia wewe: asubuhi anapanda nalo Oldonyo Sambu na madumu matupu, anashuka na maziwa hadi Sakina, Arusha mjini. Miezi miwili ya kwanza hapakuwa na neno. Kisha likaanza kushindwa na mlima. Akishapita Ngaramtoni, anakanyaga mafuta, nyuma moshi mweusi kama wa tairi linaloungua, mbele gari linatambaa. Punda wamempita, Elibariki. Alinisimulia mwenyewe, na hakucheka.

Akalipeleka kwa mafundi. Wa kwanza alichomeka mashine ya kupimia, ikasema hewa inayoingia kwenye injini ni kidogo, basi akabadilisha sensa ya hewa. Moshi uleule. Wa pili akabadilisha nozeli za kupulizia mafuta. Moshi uleule. Wa tatu hakugusa kitu. Alisikiliza tu, kisha akamwambia, "Dada, injini imekwisha hii. Mzee angekuwepo isingefika hapa. Dizeli haitaki mikono ya kubahatisha." Ndipo Upendo akatafuta mtu anayenunua magari ya kuchinja apate vipuri. Wakakubaliana aje kulichukua Jumamosi.

Alhamisi akaja kwangu Kijenge. Hakuja kuomba msaada, alikuja kunipa taarifa kama ya msiba. "Shikamoo baba mkubwa. Nimeliua gari la baba."

Wakati huo hasira yangu ilikuwa kwa wale mafundi. Wanafunzi wangu wote niliwaambia: sensa ikisema hewa ni kidogo, anza kwa kuiamini, halafu jiulize nafasi ya hewa imechukuliwa na nini. Injini ya dizeli ya siku hizi ina vali inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi ndani, ili joto la mwako lishuke na sumu ipungue. Ndiyo hiyo EGR. Hufunguka na kujifunga kwa amri. Ikikwama wazi, injini inavuta moshi wake yenyewe mahali pa hewa safi, mafuta hayaungui vizuri, nguvu zinapotea na moshi unakuwa mweusi. Sensa ilikuwa shahidi mkweli. Wao wakamfukuza shahidi!

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Upendo kabla injini haijawashwa. Nikamwambia awashe, nami nikaweka kiganja kwenye bomba linalotoka kwenye vali kuelekea injini, mahali ambapo moshi haupaswi kufika injini ikiwa bado baridi. Haukupita muda nikaondoa mkono. Linachoma. Sikuhitaji mashine. Tukazima, nikafungua bolti mbili za bomba linalotoka kwenye eksozi, na pale kati ya bomba na vali kikadondoka kibati.

Bati la kopo la maziwa ya unga. Katikati limetoboka kwa moto, tundu la kupitisha kidole gumba. Pembe zake nne zimekatwa mviringo kwa mkasi, taratibu, bila haraka.

Fundi gani mwingine Arusha nzima hukata mviringo pembe za kibati ambacho hakuna atakayekiona? "Fundi atakayefuata naye ana vidole," ulikuwa ukisema.

Wewe! Wewe uliyeandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa gereji yetu, HAPA HATUZIBI, TUNASAFISHA. Mwaka jana, nilipoona gari lako likitoa moshi, nilikuuliza, ukanitazama usoni: "Nimeisafisha, Mwalimu. Kwa mkono wangu." Hukuisafisha. Uliiziba, na nyuma ya kibati vali ikabaki imekwama wazi, imejaa masizi magumu kama ukoko wa wali. Bati la kopo halihimili moto wa eksozi; lilipotoboka, moshi ukarudi ndani ya injini. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwaambia hivyo wateja! Na taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, ukaibandikia utepe mweusi, ukamwambia mwanao kwamba kioo kina ufa. Nimebandua ule utepe. Hakuna ufa.

Nikakitia kibati kwenye mfuko wa shati. Nakiri. Upendo alikuwa ndani akichemsha chai, nami nikawaza: nitasafisha vali, gari litapona, jina lako litabaki safi. Kisha akatoka na vikombe, akasema, "Niambie tu ukweli, baba mkubwa. Ni mimi, sivyo?" Kumbe wiki zote hizo amekuwa akihesabu kila gia aliyobadilisha, akitafuta ni ipi iliyoua gari la baba yake.

Nikakitoa.

Akapitisha kidole kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Huyu ni baba," akasema, akaketi juu ya dumu. Ndipo akaniambia habari ya mikono yako. Kwamba ilikuwa ikitetemeka tangu mwaka juzi. Kwamba kikombe cha chai alikuwa akikushikia. Kwamba ulimkataza asiniambie, ukasema, "Mwalimu akijua atanipa mtihani."

Nikarudi kwenye injini nikatazama upya. Bolti za vali ziko kule nyuma, huzifikii mpaka ulale juu ya injini. Moja kichwa chake kimelika kwa spana iliyoteleza. Si mara moja, Elibariki. Mara nyingi sana. Ulijaribu.

Hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Achana na kibati. Mimi nilikuwa Kijenge! Ningelala juu ya injini ile kwa ajili yako, ningefungua bolti zote kimya...

Hapana. Nisidanganye na mimi. Ningekuuliza kwanza imeanza lini, umekwenda hospitali gani, mbona hukusema. Ningekupa mtihani. Ulinijua, na hilo nalo linanikasirisha, kwa sababu sasa lawama ambayo nilitaka iwe yako peke yako lazima tugawane.

Bolti ile ilinishinda. Macho yangu siku hizi yanaona bolti mbili palipo na moja. Nikasimama na spana mkononi, na nilikuwa karibu, karibu sana, kumwambia Upendo aniletee kopo na mkasi. Nikamwambia, "Mwanangu, sioni."

Akafunga kanga kiunoni, akalala juu ya injini, nikamwelekeza kwa maneno. Alinikatiza mara mbili, "Baba mkubwa, fupisha." Akaitoa. Masizi yalijaa beseni. Jumamosi mnunuzi alipofika, aliambiwa gari liko Oldonyo Sambu.

Kibati ninacho. Ijumaa nilitaka kukipigilia msumari ukutani, chini ya maandishi yako. Sasa kiko kwenye sanduku langu la spana, juu kabisa, kila nikifungua nikutane nacho. Nakuahidi mambo mawili. Anayekuja kwangu akasema hawezi, nitashika spana kwanza, maswali yatafuata. Na siku mikono yangu nayo itakapoanza kutetemeka, Upendo atasikia kutoka kwangu kabla hajaona.

Pumzika, rafiki yangu. Bado nimekukasirikia. Hasira ikiisha, nitakuja pale kaburini kukusalimu.

Mwalimu wako