Rafiki wa Siri Niliyemwombea Vakansi Nzima

Mama Scholastique, mshauri wetu wa redioni,

Ninakusihi unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo inayonitia hofu. Majina nimeyabadilisha yote, na chuo chetu tafadhali usikitaje.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Bunia, na wakati wa vakansi kubwa, likizo ya masomo, ninafanya kazi ya ukarani katika sekretaria moja ndogo, pale watu wanapokuja kuchapisha barua na kutoa fotokopi. Katika kikundi chetu cha wanafunzi Wakristo tuna desturi moja: kabla ya kuachana tunapiga kura, kila mmoja anaokota jina la mwenzake, na huyo anakuwa rafiki yake wa siri, anamwombea kila siku mpaka masomo yaanze tena, bila mwenyewe kujua. Kiongozi wetu Noëlla anasema imani haikui kwa mtu anayejiombea peke yake. Tukirudi, kila mmoja anasimama mbele ya wote, anamtaja rafiki yake wa siri, na siku hiyo hiyo anampeleka kula nyumbani kwake mwenyewe, na mtu asiyempeleka tunahesabu kwamba hakuomba.

Mimi niliokota jina la Rodrigue.

Rodrigue hajanikosea kitu. Lakini ni wa kabila ambalo nyumbani kwetu halitajwi. Sisi tulikimbia kijiji chetu kule Djugu, na siku ile tuliyokimbia mjomba wangu Michel, ndugu mdogo wa Mama, aliuawa, na tangu hapo Mama akiwaona watu wa kabila lile sokoni anageuza njia hata kama amebeba mzigo mzito, na mimi simlaumu, maana nilikuwepo.

Mwanzoni niliomba kama mtu anayepiga muhuri: Bwana, mbariki Rodrigue, amina, na moyoni sikuweka kitu. Niliona wenzangu wanakua kiroho, huyu amefunga, yule anahubiri kwenye kambi ya wakimbizi, na mimi nilikuwa mkavu tu. Halafu siku moja Rodrigue akaingia pale sekretaria kutoa fotokopi, uso umemshuka, nikamuuliza kuna nini, akasema: "Mama yangu iko mu njia, anatoka Boga. Simu yake haipiti tangu juzi. Ndugu, muniombee." Hakujua kwamba mimi ndiye. Alipotoka nilijificha nyuma ya mashini nikaomba, na mara hii sikuomba kwa kutimiza wajibu, niliomba kama ningemwombea Mama yangu, mpaka patroni wangu Mama Jeannine, mwenye sekretaria, akaniita: "Karani! Weye unatengeneza mashini ao unaitoa pepo?" Na asubuhi zilizofuata niliamka kabla ya jua, nikaomba kwa sauti kama tulivyozoea kanisani, nikimtaja Rodrigue na mama yake na ile barabara ya hatari ya Boga, na sikujua kwamba mtu anaweza kumwogopea hivyo mama wa mwingine.

Mama huyo alifika. Rodrigue alikuja mbio kutuambia, anacheka: "Ameshuka na ndizi, hata hajanisalimia, anauliza sababu gani nimekonda!" Mama Scholastique, nilifurahi mpaka nikaharibu fotokopi za mteja. Siku hiyo nilijua kwamba kuna kitu kimekua ndani yangu, na nilimshukuru Mungu.

Lakini sasa Jumapili ya kutajana inakuja. Nikimtaja Rodrigue lazima nimlete nyumbani, na nyumbani ni vyumba viwili vinavyogawanywa na pazia, hakuna mahali Mama anapoweza kukaa asimwone. Nikimleta nitamjeruhi aliyenizaa. Nisipomleta nitakuwa nimezikana sala zangu. Rafiki yangu Prudent, aliyeokota jina la Solange, ananiambia: "Tubadilishane tu. Weye useme Solange, miye niseme Rodrigue. Mungu anajua, inatosha." Na mimi nimeanza kukubali. Mama hajui lolote. Mara moja tu aliniuliza, akinipa chai: "Yule mama wa Boga, alifika?" Nikajibu alifika, nikakimbia kazini, nafikiri ni Mama Jeannine aliyemsimulia mambo ya ofisi.

Nifanye nini?

Karani mwenye hofu, Nyakasanza

*

Wasikilizaji wangu, kijana huyu nilimjibu siku ile ile barua yake iliponifikia. Leo ninaisoma kwa ruhusa yake. Nilimwandikia hivi:

Mwanangu karani, umesoma sana, lakini barua yako mwenyewe hujaisoma. Unaomba kwa sauti kabla ya jua. Kati yako na mama yako kuna pazia. Halafu unaniambia mama yako hajui lolote! Pazia linazuia macho, mwanangu, masikio halizuii. Si Mama Jeannine aliyemsimulia. Mama yako amelala pale akikusikia asubuhi hizo zote unamtaja Rodrigue, na barabara ya Boga, na anajua vizuri ni watu gani wanaotoka huko. Angeweza kukunyamazisha. Angeweza kukohoa tu ungeacha. Yeye akakuuliza kama yule mama alifika. Weye ukakimbia kazini.

Pole kwa hofu yako, ni hofu ya mtoto anayempenda mama yake. Lakini Prudent mwambie asante, hapana. Umeomba kwa kweli, usimalize kwa uongo, tena mbele ya kanisa.

Sasa sikiliza. Usimlete Rodrigue ghafla, hata kama wenzako wanakusukuma. Kuuliza habari ya mtu na kumkaribisha mezani ni mambo mawili, na mama yako ana haki ya kuvuka kutoka lile la kwanza mpaka la pili kwa miguu yake mwenyewe. Leo jioni, kabla ya chakula, kaa naye. Mwambie jina, mwambie kabila, mwambie desturi ya kikundi chenu, halafu funga mdomo. Usimhubirie msamaha: yeye ndiye aliyepoteza ndugu. Akisema bado, itikia kwa heshima, umwombe Noëlla mkale kwake, na Rodrigue umweleze sababu bila kuificha. Hiyo nayo ni sala. Mungu hatakufukuza kwa sababu chakula kililiwa kwenye sahani za nyumba nyingine.

Lakini usiogope kuliko inavyostahili. Nenda.

*

Jumatatu nikapata ujumbe wake kwenye simu. Nao ninausoma kama ulivyo:

"Mama Scholastique, nilimwambia. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaendelea kutwanga muda mrefu, nikafikiri nimemuua. Halafu akasema: 'Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Aje. Lakini aje na mama yake, siwezi kumulisha mutoto wa mwenzangu kwa kificho.' Jumapili nilimtaja Rodrigue mbele ya wote, kisha walikuja wote wawili, yeye na mama yake, na ndizi. Mwanzoni vilisikika vijiko tu. Kisha mama wa Rodrigue akauliza picha ile ukutani ni ya nani. Mama akajibu: 'Ni Michel, ndugu yangu.' Yule mama akaweka kijiko chini, akasema: 'Pole, dada.' Mama akamwekea ugali mwingine. Mimi na Rodrigue tulitoka nje tukalia kama watoto, kisha tukacheka, kwa sababu Prudent alikuwa amesimama barabarani anachungulia kama tumepigana.

Usiku Mama aliniita nyuma ya pazia. Akasema: 'Vakansi imeisha, sasa uombe polepole, kwa sauti ndogo. Miye pia nataka kulala.'"