Mkwe Aliyekuosha

Mwaitu, mama yangu,

Leo nimefagia chumba chako tena, ingawa hakuna anayelala humo. Leso zako bado ziko juu ya sanduku. Mutua amesema zisiguswe mpaka wazee wapite. Siku hizi Mutua ndiye msemaji wa boma. Ukimsikia huyo mwanao akiagiza watu hapa uani, utadhani yeye ndiye alikuwa anakulisha uji. Woi, Mama! Mtu aliyekuwa akija Krismasi, na akija anaangalia saa.

Jumamosi wazee wanakuja kumrudishia Lin mbuzi wa ntheo, wale watatu aliowaleta akinioa. Unajua wakirudi hao, ndoa imekwisha. Kosa lake ni kwamba alikuosha. Mkwe kuona mwili wa mama mkwe! Mkwe ambaye kwa nthoni, hiyo haya ya wakwe mliyotulea nayo, hata njiani mkikutana anatakiwa ageuze uso akupishe. Mutua anasema aibu hiyo ndiyo iliyokuua, si kiharusi.

Nami nimenyamaza. Nikiendelea kunyamaza, namkosa mume. Nikifungua mdomo, nafukuzwa hapa, na Mutua hatanisemesha tena. Nimezunguka nalo kichwani wiki nzima, kila upande ni ukuta.

Unakumbuka ulivyomwona mara ya kwanza? Nilikuwa nimekuambia nimepata Mchina kwenye mtandao wa wachumba, pale kwenye kompyuta za saiba mjini Machakos ninapochapia watu barua, na kwamba ni injinia wa barabara kule Athi River. Kwenye picha alivaa suti na helmeti. Siku tuliyokutana, mikono yake ilinuka kitunguu. Alikuwa mpishi wa kambi! Akaniambia, huku masikio yamemwiva, kwamba kwao mwanaume asiye na nyumba na gari hajibiwi na msichana yeyote, kwa hivyo akaazima suti ya mtu na helmeti ya mwingine. Nilicheka mpaka nikamsamehe.

Kambi ilipofungwa akaja kukaa nasi hapa Mwala. Wewe ukapita nyuma ya nyumba yangu, ukachungulia dirishani, ukamwona anamenya viazi na aproni kiunoni. Ukaniita kando. "Mwende, huyu ulimtoa kwa kompyuta ama kwa hoteli?" Ukasema Baba, Mungu amlaze pema, alikufa bila kujua chumvi inakaa wapi. Ulicheka ukashika ukuta. Na hukuvunja nthoni hata siku moja. Miaka miwili mlisalimiana kwa kupaza sauti, wewe uko ndani, yeye yuko nje, naye anajibu "Salama, Mama!" kama askari.

Kisha ukapooza upande mzima, na ulimi ukaenda nao.

Mama Ndunge jirani alikuja kukuosha siku chache, mgongo ukamshinda. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa mpaka bosi akasema nikikosa tena kibarua kitaota nyasi, na ni mshahara huo tu uliokuwa unatulisha. Mutua nilimpigia simu. Akasema nivumilie. Basi asubuhi moja, niko tayari kutoka, nimeshika mkoba, umejichafua tena, nami nimechelewa. Nikageuka nikamwambia Lin, "Mwoshe wewe."

Ni mimi, Mama. Hakujitolea. Alinitazama akaniuliza, "Na nthoni?" Maana alikuwa anaijua! Nilikuwa nimemfundisha mwenyewe, neno kwa neno. Nikamwambia mgonjwa hana nthoni, fanya haraka. Nikatoka.

Ilikuwa iwe siku hiyo tu. Ikawa wiki tatu, kwa sababu ilinirahisishia.

Alikuwa anapima maji kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Anakufunika leso, anaosha chini ya leso, uso ameuelekeza mlangoni. Alisema yeye ndiye aliyemwosha nyanyake hivyo hivyo, kwa kuwa kwao alizaliwa peke yake na hakuwa na wa kumsukumia. Lakini rafiki zake wa kwao hakuwaambia hata mmoja kwamba anakaa nyumbani kwa mke akifua nguo za mgonjwa. Wao pia wangemcheka. Siku ya kwanza niliporudi, nilikukuta umelala umeelekea ukutani, mto umelowa machozi. Sikuuliza. Ungenijibu na nini? Baada ya siku kadhaa ukaanza kula kutoka mkononi mwake, uji wote, mpaka bakuli likaisha. Sijui kama ulikuwa umemkubali au ulikuwa umechoka tu. Hilo, haki, linanila.

Halafu Mutua akatokea siku ya kazi bila taarifa, akamkuta na karai na leso yako mkononi. Kelele zake zilifika barabarani. Wiki iliyofuata ukatuacha.

Kwenye kikao cha mazishi wazee wakamtaka Lin aseme. Akasimama na Kiswahili chake cha kambini: "Mimi mgeni. Mila sijui. Makosa yangu." Akanitazama mara moja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Wakamkataza kukuzika, Mama. Alisimama nje ya ua wa mkonge, kofia mkononi, mpaka udongo ukaisha. Sasa amepanga chumba Athi River. Ananiandikia kila siku pale saiba, ananiuliza kama nimekula. Hilo la kikao hajawahi kuniuliza. Angenitukana ningepumua.

Basi nakuahidi. Jumamosi, kabla mbuzi hawajafunguliwa kamba, nitasimama mbele ya wazee na Mutua niseme: aliijua mila, akanikumbusha, mimi nikamtuma. Wakinifukuza, nitatoka. Naogopa, Mwaitu. Lakini nitasema.

Lala salama, mama yangu. Na kama yale machozi yalikuwa ya aibu, nikasirikie mimi. Yeye alikuosha tu.

Mwanao,
Mwende