Posa ya Tian Bo

Guosheng, nimeharibu. Nimeharibu vibaya.

Binti yangu Yalin leo kamleta mchumba wake kwa chakula cha mchana. Kijana mpole, anaitwa Tian Bo. Niliposikia jina hilo nikaweka vijiti vyangu vya kulia chini.

Nikamwambia mbele ya mama yangu na mashangazi wote: "Kijana, akina Tian walitoka kwetu akina Chen. Mtoto wa mtawala wetu wa kale alikimbilia nchi jirani, huko ndiko ukoo wake ukaitwa Tian. Sasa unataka kumwoa dada yako?"

Wewe ni Chen mwenzangu, unajua tulivyolelewa. Chen na Tian hatuoani.

Akanijibu taratibu: "Mzee, mimi niliokotwa stesheni ya treni. Tian ni jina la aliyeniokota. Langu silijui."

Langu silijui. Mbele ya watu wote hao, nimemlazimisha kusema hivyo.

Yalin akaniuliza, "Umeridhika, baba?"

Halafu kijana mwenyewe, ili kunisitiri mimi, akatabasamu: "Kwa hiyo kizuizi kimeondoka, mzee?"

Hakuna aliyecheka. Bado anasubiri jibu mezani, na mimi nimejifungia chooni nakuandikia wewe.