Leo Nimemwacha Baba Mkubwa Nje ya Chumba cha Daktari

Jumanne, jioni. Mtaani kwetu Mtoni kuna joto la kukera, feni inazungusha hewa ileile, na mie nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta maana ndiyo namna pekee mgongo unanipa amani. Ila nina raha! Nimejipongeza kwa soda baridi na sitaki kuulizwa.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: kazi yangu ni kupiga msasa vinyago anavyochonga baba yangu. Mwaka jana vidole vikaanza kufa ganzi. Najichubua hadi damu, sisikii, naiona tu kwenye mti. Nikikohoa au nikicheka sana, kisogo kinataka kupasuka. Miguu nayo inachoka bila kazi.

MRI ikaonyesha sehemu ya chini ya ubongo wangu imeshuka kwenye tundu la fuvu, imebana njia ya maji ya ubongo, na maji hayo yamejikusanya ndani ya ule mshipa mkubwa wa fahamu unaopita kwenye uti wa mgongo. Wanaiita Chiari. Halafu wakasema huenda mshipa huohuo umenasa huku chini kiunoni.

Huenda!

Kwa hiyo operesheni ni mbili. Ya kisogoni, wanaondoa kipande cha mfupa ili ubongo upate nafasi. Ya kiunoni, wanakata kile kinachoushika mshipa. Hii ya pili ni ndogo zaidi, ila hakuna mwenye uhakika kama naihitaji.

Sasa, kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Kilikaa kikao cha ukoo, na Baba Mkubwa, kaka yake baba, akateuliwa msemaji wa ugonjwa wangu. Kikao kikaamua na operesheni: aanze na kiuno, kichwa hakichezewi. Mie wakati huo nilikuwa jikoni nawachemshia wajumbe chai.

Na hapa nikiri. Siku ya kwanza daktari aliniuliza kuhusu mkojo, nikasema hakuna shida. Uongo mtupu. Miezi sasa nashindwa kuuzuia, natembea na kanga ya akiba kwenye mkoba. Lakini Baba Mkubwa alikuwa ubavuni kwangu, kofia kichwani, bahasha ya picha zangu mapajani. Ningeanzaje? Mtu ambaye nampa shikamoo tangu najifunza kuongea! Nikaona bora nipasuliwe mahali pasipo penyewe kuliko kuyasema hayo mbele yake. Miaka thelathini na mbili, na akili ndiyo hiyo.

Wiki nzima nilikosa raha kwa ule uongo. Leo tulipoitwa nikasimama mbele yake.

"Baba Mkubwa, samahani, naomba leo niingie peke yangu."

"Na msemaji?"

"Leo nitasema mwenyewe."

Akanitazama weee. Kisha akanikabidhi bahasha, akarudi kukaa kwenye benchi. Nesi akanifungulia mlango.

Ndani nikamwaga yote. Mkojo, kanga, uongo. Daktari hakunicheka, aliandika tu. Akasema hilo linaongeza shaka ya kiuno lakini halithibitishi, maana hata yale maji ya juu yanaweza kuleta shida ya kibofu. Nikafungua daftari langu, maswali kumi na moja. Kipi kimeonekana na kipi kinashukiwa? Nikichelewesha kisogo, vidole vitarudi? Akaniambia bila kunipamba: ganzi iliyokaa sana huenda isirudi, lengo kubwa ni isiendelee. Akanitajia hatari za operesheni yenyewe, maji kuvuja, maambukizi, pengine hata kulazimika kuirudia.

Nikavuta pumzi, nikaamua. Kisogo kwanza, kwa sababu kimeonekana. Kibofu kipimwe wiki hii, na kiuno tutakijadili majibu yakitoka. Mtu hanikati kwa kushuku. Daktari akasema na yeye angenishauri hivyohivyo, na safari hii ana maelezo kamili ya kuanzia.

Jamani, mie! Niliyekuwaga naombewa ruhusa hata ya kwenda Kawe kwa shoga yangu!

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi, nikamweleza Baba Mkubwa kila kitu, pamoja na mkojo. Nilitazama sakafu. Nilisubiri anigombeze kwa kuvunja uamuzi wa kikao.

Akasugua goti lake.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mie huo mkojo unanisumbua mwaka wa tatu. Hata mama yako mkubwa hajui."

Loh! Nilicheka, kisogo kikanipiga, machozi yakanitoka, sijui ya maumivu au ya nini. Yeye akatoa simu akampigia baba. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Kisogo kwanza. Mtoto ameamua na ana sababu zake. Waambie wenzako hakuna kikao kingine."

Sitajidai shujaa. Kufunguliwa kisogo naogopa sana. Lakini naogopa nikiwa najua ninachokiogopa, na uamuzi ni wangu. Najivunia, na leo naandika hivyo bila haya.

Baba Mkubwa keshanipigia mara tatu tangu turudi. Amejifungia chumbani na karatasi, anaandika maswali ya kumpelekea daktari, na anataka kujua la kwanza aliandikeje. Nimemwambia aanze na ule mwaka wa tatu.